Mama wa Kwenye Picha Hana Jina

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wanalichukulia dogo, yaani namna wanawake wanavyoonyeshwa katika habari za mtandaoni, na hasa wanawake wakimbizi kama hawa mama zetu na dada zetu. Nitaanza na kisa kilichotokea hapa hapa kwetu. Na niseme mapema, ili mtu asije akaniambia baadaye: katika kisa hiki mimi mwenyewe nina sehemu yangu ya kosa.

MOSHI

Ilikuwa mwaka 2017, wakati wa masika. Mgeni mmoja, mwandishi wa habari mwenye kamera kubwa, alifika kambini na kibali chake mkononi, nami nikaombwa nimsaidie kama mkalimani. Tulizunguka tangu asubuhi. Kuelekea saa sita tukafika kwa mama mmoja jirani yetu, ambaye jina lake silitaji kwa sababu mtakayoielewa. Mama alikuwa anapika maharage. Kuni zilikuwa mbichi, na mvua ya usiku ilikuwa imezilowesha zaidi, basi jiko linafuka moshi mpaka nje. Machozi yanamtoka mama wa watu, anajifuta kwa ncha ya kitenge. Mgeni akainua kamera, ta, ta, ta.

Mama akaniuliza: "Anapiga ya nini sasa? Umwambie angoje kwanza moshi utoke." Nilicheka. Sikuyatafsiri maneno hayo, niliona ni maneno ya kupitisha wakati tu. Mgeni akauliza mama ametoka wapi, akajibiwa Fizi. Ana watoto wangapi, akajibiwa sita. Amefika kambini lini, akajibiwa. Dakika tano hazikutimia, tukaondoka kwenda nyumba nyingine. Jina la mama hakuliuliza. Na mimi ninayelijua vizuri, maana watoto wetu wamesoma darasa moja, sikumtajia.

Miezi mitatu hivi ikapita. Siku moja mama akapigiwa simu kutoka Uvira. Ni mdogo wake wa kiume, anasema kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani: "Yaya, juu ya nini hukutuambia?" Kuwaambia nini? Kumbe ile picha ilikuwa imewekwa kwenye tovuti ya habari, juu kabisa ya makala ndefu inayoeleza wanawake waliobakwa mashariki ya Kongo. Chini yake pameandikwa kwamba huyu ni mwanamke mkimbizi, analia. Basi. Jina hakuna. Lakini sura ni yake, kitenge ni chake, na hata ile namba ya nyumba iliyoandikwa kwa rangi kwenye mlango inasomeka bila taabu.

Mama hakuwa ametamka hata neno moja la ubakaji. Halikumpata jambo hilo. Na hata kama lingekuwa limempata, lilikuwa ni lake yeye kulisema au kulinyamazia, si la mtu mwingine kulibandika juu ya sura yake. Lakini nenda kaeleze hivyo kwa watu! Picha ilitoka kwenye tovuti ikaingia Facebook, ikatoka Facebook ikaingia WhatsApp, ikapita Uvira, ikapita Baraka, halafu ikavuka ziwa ikarudi hapa kambini kabla mwenyewe hajaiona. Wakati huo binti yake mkubwa alikuwa ameposwa. Upande wa wakwe ukanyamaza. Mazungumzo ya mahari yakasimama karibu miezi minne, hakuna aliyetoa sababu na kila mtu aliijua sababu.

Alikuja kwangu jioni moja. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alikaa kwenye kigoda akasema: "Mwanangu, ile sura ni yangu, sikatai. Lakini ile maneno ni ya nani? Banasema nilikuwa nalia. Mimi nilikuwa napika."

Sikuwa na la kumjibu.

MMOJA KATI YA WANNE

Baada ya hapo nilianza kufuatilia mambo haya, kwanza kwa aibu, kisha kwa hamu ya kujua. Nikakuta kwamba kuna watu duniani ambao wamekuwa wakihesabu. Ni zoezi linalofanyika kila baada ya miaka mitano. Watu wa kujitolea katika nchi nyingi wanachagua siku moja, siku hiyo hiyo kwa wote, wanachukua magazeti, wanasikiliza redio, wanatazama televisheni, na kila habari wanaulizana: ni nani anayetajwa humu? Ni nani aliyeulizwa maoni? Ni mwanamume au mwanamke? Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 18 Januari 1995, katika nchi 71, mwaka ule ule wa mkutano mkubwa wa wanawake wa Beijing ambao uliweka vyombo vya habari kati ya mambo kumi na mawili ya kushughulikiwa.

Walichokuta mwaka 1995 ni kwamba kati ya kila watu 100 waliotajwa au kusikika katika habari, wanawake walikuwa 17. Mwaka 2005 wakawa 21. Mwaka 2015 wakafika 24. Mwaka 2020, zoezi lilipofanyika katika nchi 116, wakawa 25. Piga hesabu wewe mwenyewe, ndugu msomaji: miaka ishirini na mitano, hatua nane tu. Mtoto amezaliwa, amesoma, ameoa, na yeye pia amezaa, na habari bado zinamwona mwanamke mmoja kati ya watu wanne.

Sasa mtu atasema: hayo ni ya magazeti ya zamani, ya wazee. Intaneti ni kitu kipya, kila mtu ana simu, mambo yatakuwa yamebadilika. Hata mimi niliwaza hivyo. Lakini mwaka 2015 walihesabu na habari za mtandaoni pia, na wanawake walikuwa 26 kati ya 100. Yaani mlango ni mpya, nyumba ni ile ile. Na si ajabu, kwa sababu tovuti nyingi za habari zinalishwa na watu wale wale, kutoka ofisi zile zile, kwa haraka zaidi kuliko zamani.

Tena kuhesabu vichwa peke yake hakutoshi. Zoezi hilo linaangalia pia mtu ameingia katika habari kama nani. Mwaka 2015, kati ya wataalamu walioulizwa, yaani daktari, mwalimu wa chuo, mtu wa kueleza jambo, wanawake walikuwa 19 kati ya 100. Mwaka 2020 wakawa 24. Lakini ukienda kwenye kundi la walioonyeshwa kama wahanga, hapo mwanamke anakutwa karibu mara mbili kuliko mwanamume. Na mwanamke mara nyingi zaidi anatajwa kwa familia yake: mke wa fulani, mama wa fulani, mjane. Kwetu kuitwa Mama Fulani ni heshima, mimi sioni ubaya. Ubaya ni pale ambapo bwana anaitwa mwenyekiti wa ushirika na bibi, ambaye ndiye mtunza hazina wa ushirika huo huo, anaandikwa "mama wa watoto watano".

Kabla hatujawasema wengine, nilichukua matoleo ya nyuma ya jarida letu hili. Nilihesabu kwa vidole. Majina ya wanaume yalimaliza vidole vya mikono yote miwili, nikahamia miguuni, na majina ya wanawake yalikuwa bado hayajamaliza mkono mmoja. Tulikuwa tumeandika juu ya akina mama karibu kila mwezi! Lakini tuliandika "akina mama walishiriki kwa wingi", halafu tukanukuu mwenyekiti. Mhariri wetu alinyamaza kidogo, akasema tuendelee na kazi.

GAZETI LA KUFUNGIA KARANGA

Kuna tofauti moja kubwa kati ya karatasi na mtandao, na ndiyo iliyomuumiza jirani yangu. Gazeti la karatasi, hata likikutukana, baada ya siku tatu linafungiwa karanga sokoni na jambo limekwisha. Habari ya mtandaoni haifungiwi karanga. Mwaka unapita, miaka mitano inapita, mtu akitafuta anaikuta kama ilivyoandikwa leo asubuhi.

Tena picha haikai mahali pamoja. Wapo wapiga picha wanaouza kazi zao kwa mashirika makubwa ya picha, na mashirika hayo yanazisambaza kwa mamia ya tovuti katika nchi nyingi. Mpiga picha anaandika maneno machache ya maelezo. Mhariri aliye mbali, ambaye hajawahi kuona kambi wala kunusa moshi wa kuni mbichi, anahitaji picha ya kuweka juu ya makala yake leo saa kumi. Anatafuta katika ghala la picha: "mwanamke", "mkimbizi", "Kongo". Zinatokea picha mia mbili. Anachagua ile yenye machozi. Kwa nini? Kwa sababu tovuti nyingi zinaishi kwa matangazo ya biashara, na tangazo linalipwa kwa idadi ya watu waliofungua ukurasa, na sura inayolia inafunguliwa na wengi. Hakuna mtu aliyekaa kumfanyia jirani yangu ubaya. Kila mmoja alifanya kipande chake kidogo cha kazi, na mimi changu kilikuwa kutotafsiri neno "moshi".

Tulijaribu kuirekebisha. Kijana mmoja anayejua kuandika vizuri alitusaidia kutuma barua pepe kwa chombo kile cha habari. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa, wakaomba radhi kwa maneno ya adabu, na baada ya wiki chache wakaiondoa picha na kuweka nyingine. Nashukuru. Lakini ilikuwa imeshanakiliwa kwenye tovuti nyingine ambazo hata barua pepe hazina. Nyingine, nadhani, bado ipo.

MSICHANA WA MACHO YA KIJANI

Jirani yangu si wa kwanza. Huenda mkimbizi aliyeonwa na watu wengi kuliko wote duniani ni msichana mmoja wa Afghanistan. Mwaka 1984 alikuwa katika kambi ya Nasir Bagh, karibu na mji wa Peshawar nchini Pakistan, mtoto aliyekimbia vita, ndani ya hema lililotumika kama shule. Mpiga picha Mmarekani, Steve McCurry, akaingia na kumpiga picha. Mwezi Juni 1985 sura yake ikawa kwenye jalada la gazeti la National Geographic. Macho yake ya kijani yalitazamwa na mamilioni. Picha iliwekwa kwenye vitabu, kwenye kuta, kwenye mabango ya kuchangisha fedha. Na kwa miaka kumi na saba hakuna aliyejua anaitwa nani! Alikuwa "msichana wa Afghanistan" tu.

Mwaka 2002 mpiga picha na wenzake walirudi kumtafuta, wakampata. Jina lake ni Sharbat Gula. Alikuwa mke wa mtu na mama wa watoto, na hakuwa na habari kwamba sura yake imeizunguka dunia. Mwaka 2016 alikamatwa Pakistan kwa sababu ya kitambulisho kilichosemekana si halali. Sisi wakimbizi tunajua maana ya shida ya karatasi. Akarudishwa Afghanistan. Mwaka 2021, baada ya utawala kubadilika huko, Italia ilimpokea akawa mkimbizi tena. Aliwahi kueleza kwamba picha ile ilimletea taabu nyingi kuliko faida.

Ninapowaza juu yake najiuliza jambo moja. Hema lile lilikuwa shule. Alikuwa mwanafunzi. Watu wote walioitazama picha waliona vita, waliona hofu, waliona macho. Ni wangapi waliouliza siku ile alikuwa anasoma somo gani?

Mwaka 1990, wakati wa mgogoro wa Ghuba, mwanazuoni mmoja wa Marekani, Cynthia Enloe, alionyesha kwamba waandishi wamezoea kusema "wanawake na watoto" kwa pumzi moja, kana kwamba ni neno moja. Sikiliza taarifa ya habari leo jioni, utalisikia. Mwanamke mwenye miaka hamsini, aliyefundisha shule, aliyevusha familia ya watu tisa usiku kwa mtumbwi, anawekwa kapu moja na kichanga wa mgongoni. Hakuna anayesema "wanaume na watoto".

JINA TULILOPEWA

Kwa sisi tuliotoka Kongo kuna jambo la ziada. Mwezi wa Aprili 2010, Margot Wallström, aliyekuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa kuhusu ubakaji katika vita, aliita nchi yetu makao makuu ya ubakaji duniani. Alisema kwa nia njema, alitaka wakubwa wa dunia waamke. Lakini jina lilishika. Tangu hapo mwandishi anayekuja kwa mwanamke wa Kivu anakuja na swali moja mkononi. Mama anauza samaki, anaulizwa kama alibakwa. Mama ni mkunga, anaulizwa kama alibakwa. Wapo walioanza kuona kwamba asiye na kisa hicho hana anayemsikiliza, hata kama ana shida nyingine kubwa.

Nisieleweke vibaya. Mambo yale yalitendeka na bado yanatendeka, na kuyaficha si heshima. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi kule Bukavu alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, dada wa Kiyazidi kutoka Iraki ambaye alisimama mwenyewe akaeleza aliyofanyiwa, kwa jina lake, mbele ya dunia. Huo ni ujasiri. Lakini watafiti waliowahoji wanawake wengine wa Kiyazidi na kuandika mwaka 2018 walikuta wengi wao wakilalamika juu ya waandishi: kuulizwa mambo yale yale kwa ukali, kuahidiwa siri halafu mambo yao kujulikana. Kwa hiyo tofauti ni hii: nani ameamua. Aliyeamua kusema ni shahidi. Ambaye wengine wamesema kwa niaba yake amefanyiwa jambo la pili juu ya lile la kwanza.

Na wapo wanawake wa kwetu walioliona hili mapema. Bukavu, mwaka 2003, waandishi wanawake wa Kivu ya Kusini walianzisha chama chao kinachoitwa AFEM. Kati yao alikuwapo Chouchou Namegabe, aliyeanzia kazi Radio Maendeleo. Walibeba vinasa sauti wakaenda vijijini, wakakaa chini na akina mama, wakazungumza nao kwa lugha zao, bila haraka, na sauti za akina mama wenyewe zikasikika redioni. Mwaka 2009 Chouchou alipewa tuzo ya kimataifa ya uandishi wa habari ya Knight, na mwaka huo huo alizungumza mbele ya maseneta wa Marekani. Dada mwingine, Caddy Adzuba wa Radio Okapi, redio iliyoanza Februari 2002 na ambayo wengi wetu tuliisikiliza usiku tukiwa bado nyumbani, alipewa tuzo kubwa ya Hispania mwaka 2014. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba wanawake wa Kivu hawana sauti. Sauti zipo, kinachokosekana ni mtu wa kuwekea kinasa mbele yao.

Na waliohesabu wanasema hivyo hivyo: habari iliyoandikwa na mwanamke huwa ina wanawake wengi zaidi ndani yake. Lakini mwaka 2020 waandishi wanawake walikuwa 40 kati ya 100.

SISI WAKALIMANI

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ni kazi yangu. Mgeni anafika na gari, ana saa tatu, jioni lazima awe ametoka kambini. Anaanza kwa viongozi, ambao wengi ni wanaume. Anapewa mkalimani, ambaye mara nyingi ni mwanamume, kwa sababu ndiye aliyekuwa amekaa pale ofisini bila kazi. Dada anayejua lugha yupo kwenye foleni ya maji au kwenye mgao. Wakifika nyumbani kwa mtu, mama yupo jikoni, baba anatoka na kujibu. Mgeni anaandika alichojibiwa. Jioni anaondoka na habari ya wanaume na picha za wanawake.

Halafu sisi tunakata maneno. Mama anaeleza dakika tano, ametaja mlima, ametaja mto, ametaja mbuzi waliobaki, mkalimani anageuka anasema: "Anasema maisha ni magumu." Ndugu zangu wakalimani, si ndivyo tunavyofanya? Tunaona aibu, tunaona mgeni ana haraka, tunaona mambo ya mbuzi ni ya kijijini. Kumbe mbuzi ndiyo habari yenyewe. Na kuna mambo mama hawezi kuyasema mbele yangu mimi jirani, ambaye kesho nitakutana naye bombani. Ananyamaza, nami natafsiri ule unyamavu ninavyotaka.

Tangu mwaka ule, nikiitwa, naomba kwanza dada mmoja wa kikundi chetu aende kwa akina mama, mimi nibaki na wazee. Si mara zote inawezekana.

AKIJA NA KAMERA

Akina mama wengi wananiuliza: tukikataa picha, si watatukata posho? Hapana. Mwandishi wa habari hagawi posho, wala kadi yako haiko mikononi mwake. Hata shirika likija na mpiga picha wake, msaada haufungwi kwa sababu mtu amekataa kupigwa picha. Unaruhusiwa kusema hapana, na unaruhusiwa kusema ndiyo leo na hapana kesho. Ila ujue kwamba hapana ya kesho ni ngumu zaidi, picha ikishaenda mtandaoni.

Muulize ni nani na anaandikia chombo gani, na umwambie akuandikie jina la chombo hicho na namba yake kwenye karatasi. Karatasi hiyo itunze pamoja na karatasi zako nyingine, maana sisi tulipomtafuta yule mgeni wa 2017 tulipoteza wiki tatu nzima kwa kutojua hata alikotoka. Muulize kama picha itakwenda kwenye intaneti na itawekwa kwenye habari ya jambo gani. Hili la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Mtu anaweza kukubali kupigwa picha kwa habari ya kilimo cha mchicha na asikubali picha hiyo hiyo kwa habari ya vita.

Ukikubali kwa sharti la kutoonyesha sura, usiridhike kwa kugeuza mgongo tu. Sisi hapa tunajuana kwa kitenge, kwa kovu la mkono, kwa namna mtu anavyofunga kilemba, na kwa sauti hasa. Kama una mtu nyumbani au njiani ambaye hutaki ajue uliko, basi angalia na mlango ulio nyuma yako: namba ya nyumba, bango la shule, kadi iliyo mkononi. Mtoto naye ana mzazi. Anayetaka kumpiga picha mtoto aje kwanza kwa mzazi, si kumpa peremende pembeni ya njia.

Na ukitaka jina lako liandikwe, sema. Litamke pole pole, herufi kwa herufi. Sema na kazi yako: mshonaji, mwalimu, mkunga, mwenye duka la chumvi na sabuni. Wapo wanaotaka kujulikana, na ni haki yao pia. Baba wa nyumba naye, akiona mgeni anamwelekea mama kwa swali, apumzike kidogo, atakunywa chai na swali lake litafika.

Vijana wenye simu, hili ni lenu pia. Kabla hujasambaza picha ya mama fulani na kuongeza maneno yako, kumbuka kwamba picha ya jirani yangu haikuletwa kambini na yule mgeni. Ililetwa na sisi kwa sisi.

Binti aliolewa hatimaye, mwaka uliofuata. Mahari ilikwisha kulipwa na sasa kuna wajukuu wawili. Mama hakusahau, lakini anacheka akinitania: nikipita anaponipikia chai ananiambia, "Mkalimani, tafsiri basi huu moshi."

Wiki iliyopita nilimsomea makala hii yote kabla ya kuileta kwa mhariri. Alinisahihisha mahali pawili: nilikuwa nimeandika watoto watano, naye akasema ni sita, na nilikuwa nimeandika anapika ugali. Kisha nikamwomba picha ya kuweka juu. Akauliza jarida linafika wapi, nikasema hapa kambini, na wengine wanalipiga picha kwa simu na kulituma nje. Akawaza. Akasema sura hapana, jina hapana, jiko ndiyo. Ndiyo maana mwezi huu juu ya ukurasa mnaona jiko la udongo, sufuria moja, na moshi.